Namdanganya mume wangu nipate saa moja ya kimya

SWALI

Assalamu alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34, naishi Michenzani hapa Mjini Unguja. Kwetu ni Pemba, upande wa Makangale, jirani na msitu wa Ngezi. Nilikuja Unguja kusoma, nikapata kazi ya ukarani, nikaolewa na kijana wa Mjini. Mume wangu ni mtu mwema, sikuandikii kumshitaki.

Shida yangu huenda ukaiona ndogo. Nimechoka na kelele. Sisemi kelele za harusi au za siku ya mpira, hizo zinakuja na kupita. Nasema za kila siku. Tunakaa ghorofa ya tatu na dirisha letu linatazama barabara. Alfajiri adhana ikimalizika (na adhana hainisumbui, naipenda) zinaanza bodaboda, zinafuata daladala na makonda wao, kisha duka la simu lililo chini linafungulia spika mpaka saa 3 za usiku. Nyuma yetu kuna fundi wa mageti anayekata vyuma mchana kutwa. Umeme ukizima ndiyo zamu ya jenereta. Ndani nako televisheni haizimwi, shemeji zangu wanaingia na kutoka, kila mtu na simu yake na kila simu na sauti yake. Siku nyengine nikilala nazisikia honi ndotoni.

Kwetu, Shangazi, ikifika magharibi popo wakubwa wanatoka msituni na kupita juu ya minazi, na ukinyamaza unazisikia mbawa zao. Skuli zikifungwa tulikuwa tunakwenda Vumawimbi kwa miguu, tunapita katikati ya Ngezi kwenye kivuli cha miti mpaka jua hulioni, na tukifika pwani hakuna mtu isipokuwa wavuvi wawili watatu na ngalawa zao. Msimu wa karafuu tulilala na harufu yake puani. Siku hizi mambo hayo yananijia ofisini nikiwa mbele ya kompyuta, machozi yananitoka, na wenzangu nawaambia nina mafua.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Kazini natoka saa 9 na nusu. Watoto wanakuwa chuoni kusoma Kurani mpaka karibu na magharibi. Siku moja badala ya kurudi nyumbani nilipanda daladala ya 502, nikateremka Maruhubi, nikakaa kando ya magofu natazama mikoko na maji yanavyotoka. Sikufanya kitu wala sikuzungumza na mtu. Nyumbani nilirudi mtu mwengine: nilipika, niliwasomesha watoto, sikumfokea yeyote. Mume wangu akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia kazi zilikuwa nyingi. Tangu hapo nimekuwa nikenda kila nikipata upenyo, na kila nikiulizwa natoa jibu lilelile.

Wiki iliyopita wifi yangu akanambia mbele ya watu: "Jana nilimuona mtu Maruhubi kafanana na wewe, mpaka buibui." Nikacheka, lakini moyo ulikuwa unanienda mbio.

Niliwahi kumwambia mume wangu turudi Pemba. Akasema, "Pemba kuna nini?" Nikanyamaza. Mama yangu bado yuko kule, kaka zangu wana mashamba, nyumba ipo. Mara nyengine nafikiria niombe uhamisho, niende na watoto, naye atafuata akipenda. Mara nyengine najiona sina shukrani, kwa sababu wenzangu niliosoma nao kijijini wanatamani kuishi Mjini, na mimi niliyepata naulilia msitu.

Nifanye nini? Na habari ya Maruhubi, nimwambie, au niache tu kwenda yaishe yenyewe?

Mpemba wa Michenzani


JIBU

Wa alaykumu ssalam mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisilongoja. Mwambie. Mwambie wiki hii, kabla wifi yako hajamwambia. Hebu sikia habari hii itakavyotoka kinywani mwa mtu mwengine: mke anasema yuko ofisini, kumbe jioni anaonekana peke yake Maruhubi, na alipoulizwa alicheka. Hakuna mume atakayesikia hayo akawaza mikoko. Ulichokifanya hakina aibu hata kidogo, ila maneno uliyokifunika nayo ndiyo yanayokifanya kionekane na aibu, na kila wiki inayopita inakuwa tabu zaidi kuyaeleza.

Kuacha kwenda na kunyamaza sikushauri. Uwongo uliokwisha kusemwa utabaki palepale, na utakuwa umejinyima kitu ambacho wewe mwenyewe umeona kinavyokutuliza mpaka watoto wako wakafaidika.

Hapo kwanza nataka tuulizane kwa nini ulidanganya. Hukwenda kwa mtu, hukula pesa ya nyumba zaidi ya nauli, watoto walikuwa chuoni, chakula hakikuchelewa. Ulidanganya kwa sababu uliamini kwamba mwanamke mwenye mume na watoto hawezi kusema "nataka kukaa peke yangu" akaeleweka. Na hukuitoa hewani imani hiyo. Mwanamme wa hapa kwetu baada ya sala ya alasiri huenda zake barazani, akakaa na kahawa yake na bao lake mpaka magharibi, na hakuna anayemuuliza pale anafanya kazi gani. Simnyimi, ni raha yake na ni haki yake. Lakini mwanamke akikaa saa moja bila ya kumhudumia mtu, hata yeye mwenyewe hujiona anaiba. Wewe saa yako umeifanya ya wizi kwa kuwa hukuiomba. Iombe.

Kama unaona kujitenga ni jambo geni katika dini na mila zetu, kumbuka kwamba Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kushushiwa wahyi, alikuwa na kawaida ya kwenda kukaa peke yake katika pango la Hira kwa siku kadhaa, kisha akarudi kwa Bi Khadija kuchukua chakula na kwenda tena. Haja ya kuukimbia msongamano wa mji akakaa mtu na nafsi yake ilikuwepo tangu hapo. Nakuomba uliangalie na hili: Bi Khadija alijua mumewe yuko wapi.

La shukrani nalo liondoe moyoni. Mji huu umejaa kweli, si wewe uliyedhoofika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ile ya 2022 ikahesabu 893,169. Watu karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka 10, na pikipiki zao, na maduka yao, na mageti ya kuchomea. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba kelele zinazoendelea, hasa za usiku, huharibu usingizi na huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Anayesikia honi ndotoni hajalala usingizi wa kumtosha, na asiyelala analia kwa jambo lolote. Kwa hiyo kabla ya kuhama kisiwa, fanya yaliyo karibu. Ile spika ya dukani ina mwenyewe: zungumza naye kwa upole, wewe au mume wako, na asiposikia nendeni kwa sheha wenu, kiongozi wa mtaa, hiyo ni kazi yake. Kama kuna chumba kisichotazama barabara, lalieni huko hata kikiwa kidogo. Na televisheni iwe na saa yake ya kuzimwa, wakiwemo shemeji zako. Hili la mwisho aliseme mume wako, si wewe.

Sasa Pemba. Sehemu hiyo ya barua yako nimeirudia kuisoma, kwa jinsi ulivyoiandika kwa mapenzi. Lakini jitazame ulivyo ndani yake. Unasikiliza popo, unakwenda pwani, unalala na harufu ya karafuu. Hufanyi kazi hata moja. Aliyekuwa akifanya kazi ni mama yako.

Wewe ni mtoto wa kule, unajua karafuu hazimngoji mtu. Huchumwa kabla ya ua kufunguka, zikaletwa nyumbani kwa magunia, zikachambuliwa na makonyo yake (vijiti vyake) usiku uleule, zikaanikwa majamvini siku kadhaa, na wingu likijitokeza tu kila mtu hukimbia kuzianua. Harufu iliyokuwa ikikubembeleza usingizini ilikuwa mikononi mwa mama yako mpaka usiku mkubwa. Hicho kisiwa unachokikumbuka kwa utulivu wake ni kisiwa cha kazi. Msitu wa Ngezi ni masalio ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya Pemba, kabla haujafyekwa kupisha mikarafuu. Na kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, mzigo wa karafuu ulihamia Pemba na haujatoka mpaka leo. Mikarafuu uliyolala na harufu yake ilipandwa na watu na ikachumwa na watu, wakiwemo wanawake kama mama yako.

Mpigie simu umuulize: "Mama, wewe miaka ile ukipata wapi kimya?" Usimuulize kwa kumtega. Muulize kwa kutaka kujua, kisha mwache aseme. Inawezekana atakwambia alikuwa na wakati wake kisimani, au shambani alfajiri kabla hamjaamka. Inawezekana atakwambia hakuwahi kukipata. Majibu yote mawili yatakufaa kuliko ushauri wangu.

Maana ukirudi leo hutarudi ukiwa mtoto wa skuli. Utarudi mke wa mtu, mama wa watoto wawili, binti aliyetoka Unguja na mshahara. Kila jioni kutapigwa hodi. Kuna harusi ya huyu, maziko na hitma ya yule, mgonjwa wa kutazamwa, na wewe uliyezoea kazi za ofisini ndiwe utakayeitwa kujaza fomu za kijiji kizima. Ni maisha mazuri na wapo wanaoyalilia Mjini hapa kwa kuyakosa. Ila anayetafuta kukaa peke yake asidhani kijiji kitampa. Kule kelele ni chache, na faragha pia ni chache. Naona unazilia mbili kwa pamoja, Pemba yenyewe na ule umri ambao hukuwa ukidaiwa kitu na mtu. Pemba utaipata kwa boti. Ule umri hakuna bandari inayokwenda, ila saa yako ya Maruhubi inakupa kipande chake, ndiyo maana unarudi mtu mwengine.

Hili la kuomba uhamisho na kuondoka na watoto ili baba yao afuate akipenda, lifute. Kufanya hivyo ni kuvunja nyumba huku unasema unatafuta utulivu. Kama siku moja mtahamia Pemba, mhame kwa shauri la watu wawili, mkijua yeye atafanya kazi gani na watoto watasoma wapi. Maswali hayo yatahitaji majibu hata kama angekuwa amekubali siku ileile.

Halafu umelipokea jibu lake kama dharau. "Pemba kuna nini?" Mimi nililisoma kama swali. Mtu aliyezaliwa na kukulia Mjini, akenda Pemba ikawa ni harusi au maziko, akafika bandarini Mkoani, akapakiwa garini, akala, akalala, akarudi, atajua nini cha Ngezi? Mpeleke. Skuli zikifungwa chukueni boti nyote wanne, mpitishe kwa miguu njia ile ile ya msituni mpaka Vumawimbi. Magharibi mkalishe nje asikilize mbawa. Na watoto wako waoneshe wale popo, maana hawapatikani popote duniani ila Pemba, na waliwahi kupungua sana kwa kuwindwa na kukatiwa miti, mpaka wanavijiji wenyewe walipoanza kuwalinda, kama pale Kidike. Watoto wa Mpemba kuwasoma popo wa Pemba vitabuni tu, mwanangu, hilo mimi lingeniuma kuliko kelele za Michenzani.

Lakini hiyo ni safari ya mara moja moja, na wewe unahitaji kitu cha kila wiki. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2019 wa watu karibu 20,000 wa Uingereza, ulioona kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walisema wana afya na raha ya moyo zaidi kuliko wasiokaa kabisa, na haikuleta tofauti kama ni mara moja au vipande vipande. Utafiti wa aina hii hauwezi kuapa kwamba miti ndiyo iliyowapa afya. Hata hivyo kipimo chenyewe kinakufaa: jioni mbili za saa moja moja. Hata mume mgumu atashindwa kusema ni nyingi.

Maruhubi usiiache. Na usione umejitafutia jambo la ajabu, maana magofu hayo unayokaa kando yake ni ya kasri alilolijenga Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, mwaka 1882. Kabla yake, mwaka 1850, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu, nyumba ya kuogea, kule juu Kidichi. Walikuwa na makasri ya Mjini yaliyokuwa yakipigwa na upepo wa bahari, na bado walitaka pa kutokea. Wewe wa ghorofa ya tatu Michenzani una haja zaidi yao.

Ukitaka miti, karibu nawe kabisa kuna msitu wa Masingini, ulioachwa usimame kwa sababu mvua inayozama pale ndiyo inayolisha chemchemi za Mwanyanya na Bububu, na chemchemi hizo zimeinywesha Mjini kwa miaka mingi. Huko usiende peke yako, nenda na mumeo au na watoto, na muulizane na walinzi wa msitu kwanza. Siku mkiwa na nafasi ya nusu siku, nendeni Jozani. Magari ya Makunduchi na Jambiani yanapita mlangoni, na mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, ina kima punju, wale kima wekundu, na ina njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Wahini asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Baada ya hapo utasikia lugha za dunia nzima na kimya hukipati.

Kama kodi yenu inaruhusu, zungumzeni pia habari ya kuhamia nje kidogo ya mji, kama Kianga au Dole. Mtalipa kwa nauli na kwa kuamka mapema, kwa hiyo lipimeni kwa hesabu, si kwa hamu.

Sasa jinsi ya kumwambia. Usimwambie usiku mmechoka, wala mbele ya dada yake. Ingekuwa mimi ningemwambia nimesharudi naye kutoka kutembea, au siku ya Ijumaa baada ya chakula, watoto wakiwa nje. Anza na kosa, usianze na malalamiko: "Mume wangu, nilikwambia nachelewa kazini, na haikuwa kweli. Nilikuwa nakwenda Maruhubi kukaa peke yangu, kwa sababu kelele zimenishinda na niliogopa utanicheka. Naomba unisamehe kwa kukudanganya. Na naomba unipe jioni mbili kwa wiki niwe nakwenda ukijua." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki ya kukasirikia uwongo. Usijitetee kwa kumtajia baraza lake siku hiyo. Akisema anataka kukufuata akaone, mkaribishe kwa moyo mmoja, mkae pamoja palepale unapokaa, usimfiche hata gari unayopanda. Huenda naye ana uchovu wake ambao hajapata pa kuusemea.

Akikataa kabisa, usirudi kwenye uwongo. Mtafute mtu mzima wa upande wake anayemheshimu, awe mama yake au ami yake, umueleze jambo lote bila ya kupunguza, azungumze naye kwa niaba yako. Wifi yako naye mwambie ukweli mwenyewe, kwamba yule mwenye buibui alikuwa wewe. Ila mume ajue kwanza.